Redio Zetu Zinajuana Mno, Wasikilizaji Hazijawajua

Katika biashara ya redio jijini Dar es Salaam, ambako masafa ya FM yamejaa tangu mwanzo wa mshale hadi mwisho wake, na ambako vituo vingi vinagombea fedha za kampuni zile zile za simu, za benki, za vinywaji na za michezo ya kubahatisha, ada moja imekwisha kuota mizizi hata ikahesabiwa kuwa ni sehemu ya kazi yenyewe: mkuu wa vipindi huamka alfajiri, na kabla hajaisikiliza redio yake huisikiliza ya mwenziwe. Husikiliza ni nani anayezungumza, ni wimbo gani uliopigwa mara nyingi, ni tangazo la nani lililorudiwa kabla ya taarifa ya habari, na ni mgeni gani aliyealikwa. Kisha huingia ofisini na habari hizo, na kikao cha asubuhi kikaanzia hapo. Mimi siilaumu ada hii kwa kuwapo kwake, maana hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu anayefumba macho asimwone jirani aliyefungua duka mkabala naye. Ninachokilalamikia ni kuwa vikao hivyo huanzia hapo na aghalabu huishia hapo hapo, ilhali watu ambao redio hizo zimewekwa kwa ajili yao, wakazi wa Mbagala na Tandika, wa Tandale na Mwananyamala, wa Bunju na Buza, hawaulizwi neno.

Aliyefungua kituo cha redio amekwisha kukubali kusikilizwa na kila mwenye masikio, mpinzani wake akiwamo, na neno lililokwisha kutoka mnarani haliwezi tena kuitwa siri. Pwani yetu ina ushahidi wa zamani wa jambo hili. Mwaka 1954 Redio Cairo ilianza matangazo yake kwa Kiswahili, na miongoni mwa sauti zilizosikika huko ilikuwa ya Ahmed Rashad Ali, mtu wa Unguja, akiwahimiza watu wa Afrika Mashariki waukatae ukoloni. Watawala wa Kiingereza waliyasikiliza matangazo hayo kwa makini na kwa wasiwasi mwingi, na tarehe 27 Juni 1957 BBC nayo ikaanza idhaa yake ya Kiswahili kutoka London. Hakuna aliyevunja mlango wa mtu katika shindano lile. Kila upande ulikuwa na chombo cha kupokelea, na hewa ilikuwa mali ya wote. Walakini naona pia kwamba kuyajua maneno ya Cairo hakukuwatosha Waingereza, kwa kuwa swali lililokuwa na uzito halikuwa Cairo inasema nini, bali kwa nini mtu aliyeketi barazani kwake akinywa kahawa aliona sauti ya mbali inamhusu kuliko ya karibu. Jibu la swali hilo halikuwa hewani. Lilikuwa kwa mtu yule barazani.

Sisi wa bara tulichelewa kuyaonja mambo haya. Sauti ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 1951 ilikuwa peke yake, na shirika la utangazaji la Tanganyika lililoirithi mwaka 1956 lilikuwa peke yake, na Redio Tanzania Dar es Salaam iliyofuata mwaka 1965 nayo ilitawala hewa yetu bila ya mshindani wa ndani kwa muda wa karibu miaka 30, ikafanya kazi kubwa ya kuieneza lugha, elimu ya watu wazima na fikra za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Asiyekuwa na mshindani hana haja ya kumchunguza mtu. Sheria ya huduma za utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyoufungua mlango, na mwaka uliofuata Radio One ya marehemu Reginald Mengi ikaanza kusikika. Mwishoni mwa muongo huo ikaja Clouds FM ya Joseph Kusaga na marehemu Ruge Mutahaba, watu waliotoka katika disko na burudani. Zikaja redio za madhehebu na za vyama. Mwaka 2014 ikaja EFM, na baadaye Wasafi FM ya msanii Diamond Platnumz. Kila aliyeingia aliwakuta wengine wamekwisha kuketi, na kwa hiyo alilazimika kuwajua.

Je, kujuana huku kunafanywaje? Zamani alikuwapo kijana aliyekaa na redio na daftari, akiandika kila tangazo la biashara lililosomwa katika kituo cha jirani, saa liliposomwa na muda lililochukua. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi na mitambo inayorekodi vituo vyote mchana na usiku, na kampuni za upimaji huiuza orodha kwa yeyote mwenye fedha ya kuilipia. Orodha hiyo ni halali kabisa. Taabu iko katika matumizi yake, kwani mara nyingi ofisa masoko akiisha kuipata huchukua pikipiki akamwendea mdhamini wa kipindi cha jirani na kumwambia: tupe sisi tangazo lile lile, tutalisoma mara nyingi zaidi kwa bei ya chini zaidi. Mdhamini, kama alivyo mtu yeyote mwenye hesabu, huirudia redio ya kwanza na barua ya pili mkononi, nayo hupunguza. Na kesho yake ya tatu hupunguza zaidi. Fedha inayopungua hapo haipungui katika gari la mkurugenzi. Hupungua kwa mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa habari moja moja, ambaye akiambiwa hakuna nauli ya kwenda Chamazi kuuliza kwa nini maji hayatoki, hukaa ofisini akasoma gazeti hewani. Kwa njia hiyo taarifa iliyokusanywa juu ya mshindani huwadhoofisha wote wawili, aliyechunguza na aliyechunguzwa, na anayebaki na hasara kuu ni mtu wa Chamazi.

Jambo la pili ni la watangazaji wenyewe, na hapa sina budi kuzungumza kwa hadhari, maana ni riziki za watu. Mtangazaji mwenye sauti inayopendwa ni mali, na vituo vyetu vimekuwa vikinyang'anyana mali hiyo tangu ushindani ulipoanza. Maulid Kitenge, ambaye wapenzi wa michezo walimjua Radio One, alihamia EFM na baadaye Wasafi FM. Marehemu Gardner G. Habash, aliyefariki Aprili 2024 na kuliliwa na jiji zima, alisikika Clouds na pia katika vituo vingine, na wasikilizaji wakamfuata kila alikokwenda. Hakuna ubaya wowote katika hayo. Mfanyakazi si mtumwa wa mnara. Ana haki ya kwenda anakothaminiwa, na tajiri anayetaka abaki amlipe na amheshimu. Mambo huharibika pale anayemwajiri mtangazaji mpya anapomwita faraghani, kabla hata hajaonyeshwa kiti chake, na kumtaka amweleze kule alikotoka wadhamini wanalipa kiasi gani, mkataba wa fulani unakwisha lini, na ni kipindi gani kipya kinachotayarishwa kwa mwezi wa Ramadhani. Hayo hayakutoka mnarani. Aliaminiwa nayo mezani, nayo ni amana. Anayeyadai na anayeyatoa wote wawili wamekula amana ya watu.

Naamini mpaka huu ungeandikwa waziwazi, kwa kuwa sasa umeachiwa dhamiri ya kila mmoja, na dhamiri ya mtu mwenye njaa haina nguvu nyingi. Tunayo sheria ya ushindani ya mwaka 2003 na tume yake, tunayo Mamlaka ya Mawasiliano inayotoa leseni, na tunayo sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022. Lakini vyombo hivyo vinaangalia mambo makubwa, na wizi wa orodha ya bei katika ofisi moja ya Mikocheni au Kawe hautavifikia. Ni wenye vituo wanaopaswa kuketi na kukubaliana kwamba kilicho hewani ni cha wote kukichunguza, kilicho ukutani kama bango ni cha wote kukisoma, na kilicho ndani ya kabati na ndani ya kifua cha mfanyakazi hakiguswi. Na mtu anayejifanya mteja ili aulize bei za mwenziwe, jambo ambalo mjini hapa linahesabiwa kuwa ni ujanja, naye ahesabiwe kuwa amesema uongo, kwa sababu amesema.

Lakini madhara niliyoyataja si makubwa kuliko madhara ya kufanana. Vituo vikichunguzana sana huishia kuigana, na vikiigana hakuna tena cha kuchunguza. Mtu na auzungushe mshale wa redio yake asubuhi moja: kila anapousimamisha atawakuta watu watatu wanaocheka, vichwa vya magazeti vinavyosomwa, na simu ya msikilizaji, na jioni atasikia Simba na Yanga kwa sauti zinazoshindana kupaa. Simba na Yanga wana haki yao, nami si adui wa mpira. Ninachouliza ni kama mkazi wa Temeke hana jambo jingine maishani mwake, na kama hana redio ambayo jambo hilo jingine lingeifanya iwe yake.

Jibu tunalo, na limekwisha kuthibitishwa na historia ya karibu kabisa. Kwa miaka mingi katika vichochoro vya Tandale, vya Manzese na Mburahati ambavyo vilikuwa vya Kinondoni kabla Ubungo haijajitenga, na upande wa pili wa jiji huko Temeke na Mbagala, vijana walikuwa wakitengeneza muziki wao wenyewe. Walirithi mchiriku uliopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio na vipaza sauti vilivyochoka. Wakavichukua vipande vya ala vya taarabu ya kisasa, wakavizungusha na kuvikimbiza kasi hata masikio ya watu wazima yakashindwa kuvifuata. Na juu ya kasi hiyo wakasema yao, ya kodi ya nyumba, ya mapenzi ya uswahilini, ya polisi, ya mama mkwe. Muziki huo ukaitwa singeli. Ulipigwa katika vigodoro na katika sherehe za mitaani, ukahama kutoka simu hadi simu kwa kadi za kumbukumbu, ukapigwa katika bodaboda na katika vibanda vya kuchajia simu. Ulikuwa unasikika mahali pote isipokuwa redioni.

Sasa na tufikiri: mkuu wa vipindi aliyekuwa akiisikiliza redio ya jirani kila alfajiri katika miaka hiyo angejuaje kuwapo kwa singeli? Jirani hakuipiga. Orodha ya nyimbo zilizopigwa hewani, hata ingekuwa imekusanywa na mtambo usiolala, haikuwa na singeli hata mstari mmoja, na kwa hiyo kadiri mtu alivyokuwa hodari wa kuwachunguza washindani ndivyo alivyozidi kusadiki kuwa kitu hicho hakipo. EFM, kituo kichanga kisichokuwa na umaarufu wa kulinda, ndiyo iliyoufungulia muziki huu mlango. Ilikwenda mitaani, ikaweka jukwaa na vipaza sauti katika kumbi za pembezoni, ikawapa nafasi akina Msaga Sumu, Man Fongo na Sholo Mwamba, na kwa muda mfupi ikapata wasikilizaji ambao wakubwa wake hawakujua kuwa ni wasikilizaji. Wengine walifuata baadaye, walipousikia muziki huo kwa EFM. Yaani walingoja mpaka ulipokuwa habari ya mshindani ndipo ukawa habari kwao. Mwaka 2017 nyimbo za studio ya Sisso ya Mburahati zilikusanywa na kutolewa na kampuni ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes, na muda si muda vijana waliolelewa katika vichochoro vile wakapanda majukwaa ya Ulaya. Kutoka Mburahati hadi ofisi za redio za Mikocheni, kwa daladala na msongamano wake wote, si mwendo wa nusu siku.

Wala hii haikuwa mara ya kwanza. Katikati ya miaka ya 1990, vijana wa jiji hili walipokuwa wakijaribu kurapu kwa Kiswahili na kurekodi kanda kwa shida, walipata mlango Radio One katika kipindi cha DJ Show, kwa watu kama Taji Liundi na Mike Mhagama waliokuwa tayari kuwapokea na kuwasikiliza; na kutokana na mlango huo, na mingine iliyofunguliwa baadaye, ikakua sanaa ambayo leo inazilisha nyumba nyingi na kuzijaza redio zote. Mara zote mbili faida kubwa kuliko zote katika biashara hii ilimwendea aliyemsikiliza mtu asiyekuwa redioni.

Najua nitajibiwa kwamba wasikilizaji wanaulizwa, kwa sababu zipo kampuni za utafiti zinazofanya kazi hiyo na kuuza takwimu zake. Ni kweli, nami siwadharau watafiti. Wengi wao ni watu makini. Lakini na tuangalie namna watu wetu wanavyosikiliza. Redio ya Dar es Salaam si chombo cha mtu mmoja chumbani mwake. Ni ya saluni ya Mtoni ambako mwenye kiti amechagua kituo na wateja wote hadi jioni wanakisikia. Ni ya mama ntilie wa Tandika. Ni ya fundi cherehani wa Magomeni anayekuwa nayo saa zote tangu afungue mlango. Ni ya daladala ya Mbagala, ambamo dereva ndiye anayeamua abiria wote watasikia nini tangu Rangi Tatu hadi mjini. Swali linalotumwa katika simu ya mkononi, likimtaka mtu ataje redio aliyoisikiliza jana, humfikia mwenye simu, mwenye chaji, mwenye subira ya kujibu. Na abiria aliyesikia saa nzima ya matangazo asiyoyachagua hajui ataje nini, aghalabu hutaja jina kubwa analolikumbuka. Hivyo jina kubwa huzidi kuwa kubwa. Fauka ya hayo, takwimu hizo ni bidhaa: mwenye fedha huzinunua zote, mwenye fedha kidogo hununua kurasa, na kituo kidogo kinachojikongoja katika kata za pembeni hakinunui kitu, hata kikakosa ushahidi wa kumwonyesha mwenye duka la vifaa vya ujenzi wa Mbagala kwamba wateja wake wanakisikiliza. Na mara nyingi kila redio kubwa ikizichukua takwimu hizo hupata ndani yake saa fulani, au rika fulani, au wilaya fulani ambamo ni ya kwanza, ikajitangaza kuwa ya kwanza. Na mdhamini akiwa na wa kwanza watatu mezani hurejea katika jambo analolielewa, nalo ni bei.

Wenzetu wamekwisha kuipata dawa. Huko Uingereza, BBC na redio za biashara, ambazo zilikuwa zinahesabu wasikilizaji kila upande kwa hesabu yake, mwaka 1992 zilikubaliana kuunda chombo kimoja cha pamoja, RAJAR, kinachomilikiwa na pande zote mbili, na tangu hapo hesabu ni moja, ushindani ukabaki katika vipindi. Hapa hatuhitaji kuiga kila kitu chao. Watu wao husikiliza nyumbani na garini, wetu husikiliza barazani na dukani, na utafiti wetu unapaswa kuanzia dukani. Lakini msingi wake unatufaa sana: vituo vyote, pamoja na TBC ya taifa, pamoja na wanaotangaza bidhaa zao, vichangie kulingana na uwezo wao, mdogo alipe kidogo na apate kitabu kile kile anachokipata mkubwa, na jumla za matokeo zitolewe kwa umma bure, ili mwanafunzi, mwandishi na msikilizaji mwenyewe aweze kuzisoma. Mamlaka ya Mawasiliano isaidie kuwakutanisha wenye vituo, kisha ikae pembeni, maana anayetoa na kunyang'anya leseni hafai kuwa ndiye anayehesabu.

Na wanaotumwa kuuliza wasitumwe na orodha ya majina ya redio peke yake. Wamuulize kondakta ni kituo gani abiria walimtaka abadilishe, na saa ngapi. Wamuulize mwenye saluni ni kipindi gani wateja walinyamaza wakakisikiliza, na kipi waliongea juu yake kama hakipo. Wamuulize mvuvi wa Kunduchi kama kuna redio yoyote inayomwambia hali ya bahari kabla hajatoka, na muuza mboga wa Temeke Sterio kama kuna inayomwambia bei ya nyanya zilizoshuka usiku. Wamuulize mzee wa Kigamboni ambaye haijui singeli wala haitaki ni lini aliusikia mara ya mwisho wimbo wa Mbaraka Mwinshehe au wa bendi za jiji hili saa ambayo yeye yuko macho. Wakusanye majibu hayo bila ya kuandika majina ya watu wala namba zao zaidi ya inavyohitajika, kama sheria ya mwaka 2022 inavyotaka. Gharama ya kazi hiyo, ikigawanywa kwa vituo vyote vilivyopo kwenye mshale, itakuwa ndogo kuliko fedha ambazo redio mbili kubwa hupoteza kwa kushushiana bei za matangazo, na inaweza kuanza na kata chache tu za Temeke na Kinondoni kabla ya msimu mpya wa ligi, wakati wadhamini wanapopanga bajeti zao na wakuu wa vipindi wanapokuwa bado hawajaamua mwaka huu wamwige nani.